Mafuta ya Yule wa Ziwani

Nyumbani kwa mama yangu, Fizi, juu milimani, mafuta ya mawese hayakuwa yanaingia. Mtu wa mbali anaweza kuona ni jambo dogo, lakini aulize Wabembe, watu wa kwetu: nyumba isiyo na mawese ni nyumba ya namna gani? Sombe yetu, yale majani ya muhogo, ilipikwa kwa karanga, maharage yetu kwa karanga, na karanga zikikosekana tulikula kwa chumvi tukanyamaza. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakimbilia kula kwa majirani. Nikirudi na midomo myekundu kwa mafuta, mama ananisugua kwa kitambaa na maji ya majivu mpaka midomo iwake, wala hasemi kitu. Majirani walitucheka wakituita wazungu wa karanga.

Nilipoolewa mjini Baraka, chini kando ya ziwa, nikaanza kuuza mawese sokoni. Niliyauza kwa sababu yana soko, na kwa sababu nilikuwa nimechoka karanga, na hiyo ya pili ndiyo ya kweli. Mama akishuka kutusalimia alikuja na karanga zake zimefungwa kwenye kitambaa. Alilala katika nyumba iliyojengwa kwa mafuta, akaombea wajukuu waliosomeshwa kwa mafuta, lakini kwenye chungu changu hakutia mkono hata siku moja.

"We mutoto," alikuwa ananiambia, "mafuta yako ubaki nayo huku huku Baraka."

Sababu ya yote ilikuwa mwanamke mmoja ambaye nyumbani hatukumtaja jina. Tulimwita yule wa ziwani. Alikuwa mama mzazi wa bibi yangu, kwa hiyo kwa mama yangu alikuwa bibi, au koko kama tunavyosema kwetu. Alizaliwa kabla Wabelgiji hawajapandisha bendera yao katika milima hii, akaolewa na mtu wa milimani aliyekuwa ameshuka kutafuta maisha kando ya ziwa, Swima. Sisi watoto tuliambiwa kwamba alikuwa mkaidi, akamshinda mumewe, akawatupa watoto wake. Tena tuliambiwa kwamba baadaye, kwa roho mbaya, akaanza kuwapandishia Fizi mafuta yenye karuho. Karuho ni ile sumu ya kwetu inayomla mtu polepole mpaka anaisha kama kipande cha sabuni, na watu wanaiogopa kuliko risasi.

Msichana wa nyumba yetu akijibu kwa ukali alikuwa anaambiwa, "We ni wa ziwani." Mimi niliambiwa hivyo kuliko dada zangu wote, na sishangai.

Kiangazi kilichopita mama akaugua tumbo. Hospitali walimweka, wakampima, kisha wakamrudisha nyumbani, nasi sote tulielewa maana yake. Nikaacha meza yangu ya sokoni kwa binti yangu nikapanda Fizi kumuuguza. Chakula kilikuwa kimemkataa. Uji vijiko viwili, basi, anageuza uso.

Alasiri moja nilikuwa namwosha miguu uani, kwenye mkeka, jua likiwa zuri. Alikuwa anaangalia migomba iliyo nyuma ya nyumba, ile nyumba aliyoachiwa na mama yake. Akasema, bila kunitazama:

"Yule wa ziwani, mi ndo nilikuwa namwanga mafuta yake."

Mikono yangu ikasimama majini.

"Mama alikuwa ananituma. Nilikuwa mutoto mudogo. Koko anakuya na kibuyu, anaikaa kwa mulango, mama anapokea, anamupa maji ya kunywa. Habazungumuze sana. Kisha mama ananiita kwa nyuma: kamwange kwa migomba, na usiguse. Naenda namwanga, narudisha kibuyu. Koko anakishika, anatuaga, anaenda."

"Na ndani mulikuwa na nini, Mama?"

"Unga. Juu ni mafuta, lakini chini inakuwa unga ya njano. Niliiona na macho yangu."

Nilitikisa kichwa. Mimi muuza mawese wa miaka yote hiyo nilitikisa tu kichwa. Sumu ikisemwa nyumbani tangu utoto wako, akili yako haiendi sokoni kuuliza.

Halafu akashika mkono wangu wenye maji. "Uende Swima, uniulizie. Kule bantu yake babaki. Uniletee habari, ile kitu ilikuwa nini. Mi sasa naenda, mutoto yangu, na kule naenda nitamukuta. Nataka nijue nitamusalimia namna gani."

Nikasema nitakwenda. Usiniulize nilikuwa na moyo gani. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niielekeze kwa nani, kwa yule wa ziwani aliyeleta sumu au kwa bibi yangu aliyempa mtoto mdogo kazi ya kuimwaga.

Kabla ya kushuka nilipita kwa mjomba, mdogo wake mama, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuhubiri hata akiomba chumvi. Nilimkuta anamenya mihogo pamoja na mkewe. Nilipomwambia ninakwenda Swima kuulizia habari za yule mwanamke, kisu kikasimama.

"Unatafuta nini? Lisemwalo lipo. Ule mwanamuke alimuzika bwana yake akiwa muzima."

"Alimzika namna gani?"

"Ni vile banasemaka." Akamenya muhogo mwingine. Kisha, kwa sababu aliwapenda wazee wake na hakupenda nisadiki kwamba walikuwa waoga, akaongeza: "Lakini babu yetu, ule bwana yake, alikuwa mwanaume. Alikuwa na dawa yake. Mi nilimuona, alikuwa anaikaa kwa mama yetu. Yaya, mama yako, akiisha kumwanga, anaweka kibuyu nyuma ya nyumba mbele ya kukirudisha. Babu anapita pale pole pole na fimbo yake, juu mguu moja ilikuwa mubaya. Anaingiza kidole mule ndani, analamba. Anaingiza tena. Anafunga macho. Na hakukufa. Karuho haikumuweza."

"Mjomba," nikasema, "mtu mwenye dawa ya sumu, ailambe kwa nini?"

"We ni wa ziwani," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo. Mkewe alinisindikiza mpaka njiani akiniombea safari njema.

Nikashuka Baraka, na kesho yake nikachukua pikipiki kufuata ziwa kuelekea Swima. Njiani nilijaribu kufikiri namna ya kuuliza. Huwezi kufika kwa watu ukasema, samahani, mimi ni kitukuu wa yule mwanamke wenu mwenye sumu. Lakini bamama niliowakuta wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani hawakunipa nafasi ya kujipanga. Niliposema ninatoka Fizi na ninatafuta watu wa mwanamke fulani wa zamani aliyekuwa anatengeneza mawese, mmoja wao akaangalia uso wangu, akajifuta mikono, akasema, "Kuya."

Alinipeleka kwa bibi mmoja mzee aliyekaa kibarazani akichambua chikichi, ambazo kwetu tunaziita ngazi. Mama wa bibi huyo alikuwa mtoto yatima aliyelelewa na yule wa ziwani baada ya watoto wake kuondoka. Kwa hiyo yeye mwenyewe alikua akimwita koko, katika uwanja uleule, mpaka alipomzika akiwa msichana mkubwa. Macho yake yalikuwa yamefifia lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Mwenyeji wangu alipomwambia mimi ni nani, mikono haikuacha kuchambua.

"Munafika leo," akasema.

Nikakaa chini, nikaanza kumsaidia kuchambua, na baada ya muda akaanza kusema. Jina la yule wa ziwani nililisikia pale kwa mara ya kwanza. Siliandiki hapa, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kulisikia kutoka kwangu ni mama yangu.

Mume na mke wale, alisema, walikuwa na mafuta ambayo watu walivuka ziwa kuyafuata. Mume alipanda michikichi na kamba yake, akakata mikungu. Mke alichemsha, akatwanga, akakamua, akaengua mafuta. Ndiyo kazi ilivyogawanywa kwetu tangu zamani. Lakini mume alikuwa na haraka. Alikata mikungu kabla haijaiva ili wajaze vyungu vingi, na mke hakuweza kuvumilia mafuta ya chikichi mbichi. Waligombana kila msimu, na wakinuniana walizungumza kupitia kinu. Mke anatwanga huku anasema, "We kinu, umwambie mwenye kamba ngazi hizi bado zinanyonya." Mume naye, kutoka juu ya mti, "We kinu, umwambie mwenye muti wa kutwangia, mudomo haijazi chungu." Majirani walikuwa wanajifanya wanakuja kununua ili wasikie.

"Bilikuwa bya kuchekesha," bibi akasema. "Bantu banaogombana vile banapendana. Ubaya ni pale banaacha kugombana."

Waliacha siku kamba ilipokatika. Mume alianguka na kuvunjika nyonga. Mvua zote alilala ndani, na juu ya michikichi mikungu ikaiva, ikaanza kupukutika na kuoza. Ndugu wa mume walikuwa mbali, milimani. Vijana wa kupanda kwa kulipwa walikuwa wamekamatwa kwa kazi za Wabelgiji za barabara. Ndani kulikuwa na watoto wawili wenye njaa, msichana, ambaye ndiye bibi yangu, na kaka yake. Mke akaikunja ile kamba, akaiunga, akapanda.

Ni lazima nieleze hapa, maana vijana wa leo hawajui. Kwetu mwanamke hakupanda mchikichi. Kupanda ni kazi ya mwanaume mwenye nyumba, na mwanamke akipanda, watu walisema amemzika mumewe akiwa hai. Hakuna aliyeweza kuniambia sababu. Ilikuwa hivyo tu, na mtu aliyeoa mwanamke apandaye alikuwa kama maiti anayekula ugali. Watu walianza kumsalimia mkewe wakipita, na yeye mgonjwa akiwa pale mlangoni wakampita kimya.

Siku nguvu zilipomrudia kidogo akatuma habari kwao. Ndugu zake wakashuka na machela. Wakamwambia mke kwamba aibu hii inafutika kwa jambo moja, aichome kamba mbele ya watu wote na aombe msamaha kwa magoti, ndipo wote wapande Fizi waanze upya.

Hapo nilimkatiza yule bibi. Nilikuwa nimekwisha jua mwisho, kwa sababu najijua mwenyewe. "Akakataa," nikasema.

"Hapana. Aliichoma. Alipiga magoti pale," akaonyesha kwa kidevu mahali ambapo kuku walikuwa wanaparura. "Akaomba. Kamba ilipokwisha kuungua, bwana yake akasema hata vile hawezi kuikaa naye. Akabebwa, na batoto nyuma yake. Mutoto mwanamuke alilia mpaka kwa mugeuko ya njia."

Nilikuwa na chikichi mkononi, nikaiweka chini. Maisha yangu yote nimetukanwa kwa ukaidi wa mwanamke aliyepiga magoti.

Mume alioa mwingine kule juu, mwanamke wa milima ya baridi ambako michikichi haioti. Yule wa ziwani alibaki na michikichi yake. Msimu uliofuata akasuka kamba mpya akapanda, na safari hii hakujificha, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumzika tena. Kila kiangazi aliengua mafuta ya kwanza, yale ya juu yasiyo na maji, akayatia kwenye kibuyu akashika njia ya Fizi kwa miguu. Alilala Baraka kwa watu aliowafahamu, kisha akaupanda mlima. Alifanya hivyo watoto wakiwa wadogo, akafanya hivyo binti yake alipoolewa na kujenga nyumba yake, mpaka wajukuu wakazaliwa.

"Mara moja nilimusindikiza," bibi akasema. "Nilikuwa na nguvu, nilimubebea mukeka. Nilibaki chini ya nyumba, kwa njia, juu alisema banaweza kuniogopa. Nikamuona anatoka. Kibuyu kilikuwa mutupu, kimeoshwa."

Akajipangusa vidole, akanigeukia.

"Kwenu Fizi chombo cha muntu munarudishaka je?"

"Hakirudi kitupu," nikasema. Hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na kitu, hata kama ni ndizi mbili au kiganja cha chumvi. Kukirudisha kitupu ni kumwambia mwenzako asije tena.

"Basi. Tukashuka mpaka penye soko. Akanunua maharagi, akajaza kibuyu. Mi nikamuuliza, Koko, maharagi ya nini, kwetu tuko nayo? Hakunijibu. Tulipofika hapa Swima akaita bamama yote ya hapa jirani, akabagawia kila mutu kiganja. 'Muonje maharagi ya mutoto yangu. Banalima muzuri kule juu.' Ndo nikajua. Kila mwaka tulikuwa tunakula maharagi ya mutoto yake, na mutoto yake hakutumaka hata punje."

"Ukawaambia wengine?"

"Niambie nini? Nilikula. Ilikuwa tamu."

Nililia pale, mimi mwenye ulimi mrefu, na yule mama wa ndagala akanishika bega. Nililia kwa sababu ya kile kiganja cha maharage. Bibi aliniacha nilie. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba nikaone alipozikwa, chini ya michikichi iliyotokana na ile yake. Pameinuka kidogo tu, na majani yamefagiliwa. Wanapafagia.

Wajukuu wa bibi walikuwa wanatengeneza mafuta siku ileile. Nilikaa kuangalia tangu kuchemsha hadi kuengua, na kwa mazoea ya sokoni nikachungulia kila chombo kama ni kisafi. Walikuwa wasafi kuliko mimi. Bibi akaniengulia mafuta ya kwanza kwenye sufuria ndogo yenye kifuniko, akaifunga kwa kipande cha kitenge.

"Upelekee mama yako. Na sufuria yangu unirudishie."

Kutoka Swima mpaka Baraka niliipakata ile sufuria. Mafuta yalichezacheza ndani kwa kila shimo la barabara. Niliendelea kuipakata kesho yake pikipiki ilipoanza kupanda mlima, na njia nzima nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Mama alitaka kujua amsalimie namna gani. Nikimwambia mafuta yalikuwa mazuri, namwambia pia alichokuwa anakimwaga. Nikinyamaza, atakwenda kukutana na bibi yake akimwogopa. Nilifikiri hata kusema uongo wa katikati, kwamba watu wa Swima wamesahau. Mtu aliyechoka humchoshi zaidi.

Karibu na kufika kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha wanajeshi. Mwanajeshi kijana, amejikunyata kwa baridi, akataka kujua nimepakata nini. Nikasema mafuta. Akasema nifungue. Nikafungua kitenge na kifuniko, akainama, akaitikisa kidogo, na mafuta hayakucheza.

"Imelala, Mama," akasema, akanipungia mkono nipite.

Lakini sikupita. Nilibaki nimesimama na kifuniko mkononi. Mafuta yalikuwa yamelala, kama tunavyosema, yameganda kwa baridi ya mlimani. Niliingiza kidole pembeni, na chini ya tabaka jekundu kidole kilitoka na punje za njano, lainilaini, mithili ya unga. Kitu ninachokiona mezani kwangu kila asubuhi ya baridi, kitu ninachowaeleza wateja wageni: usiogope, weka karibu na moto, yataamka.

Watoto wale wawili, bibi yangu na kaka yake, waliondoka ziwani wakiwa wadogo, wakakulia katika nyumba ambayo mafuta hayaingii, mikononi mwa mama wa kambo aliyezaliwa kwenye baridi, ambako mafuta si chakula chao. Wao wangejua wapi? Lakini baba yao, yule mzee, alijua. Alikula na kuuza mafuta miaka yote aliyokaa ziwani. Alikaa pale uani na mguu wake mbaya, akasikia mke na watoto wakisema kuna unga, kuna sumu, na neno moja tu kutoka kinywani mwake lingetosha. Hakulisema. Alisubiri mtoto amwage, akaenda kulamba kibuyu, akafunga macho.

Nilimtukana pale barabarani kwa sauti. Yule mwanajeshi akadhani namtukana yeye, ikabidi nimwombe radhi.

Nilimkuta mama kitandani, amepungua hata kwa siku zile chache. Nilikuwa bado sijaamua la kusema. Sikupata nafasi ya kuamua, kwa kuwa aliona kitenge cha kigeni mikononi mwangu.

"Umeleta nini?"

"Mafuta, Mama. Ya Swima. Nimeyaona yakitengenezwa tangu mwanzo mpaka mwisho."

Nilidhani ataniambia niyatoe nje. Akanyoosha mkono. Nikamwekea sufuria ubavuni, nikafungua. Hakuona vizuri kwa giza la chumba, kwa hiyo alitumia kidole. Alikishusha taratibu kupita tabaka la juu mpaka chini kabisa, akakitoa, akasugua zile punje kwa kidole gumba.

"Ni hii," akasema.

"Yamelala tu, Mama. Ni baridi."

"Najua." Aliendelea kusugua. "Mi nilijua siku mingi. Nikiisha kuolewa niliona kwa jirani, asubui, mafuta yake iko na unga vile vile. Nikajiambia, ile ya koko ilikuwa ingine."

"Kwa nini, Mama?"

"Juu ya mama yangu. Kama ile ilikuwa mafuta tu, ningefanya nini na mama yangu?"

Ndipo nikaelewa miaka yote ya karanga. Mama hakuwa anaogopa sumu. Alikuwa anaogopa jirani mwingine, asubuhi nyingine, chungu kingine kitakachomwonyesha tena. Nikamwambia jina la bibi yake, akalirudia polepole mara kadhaa akilijaribu. Nikamwambia habari ya kamba na magoti. Alitaka kujua kama ni kweli mama yake alilia mpaka kwenye kona ya njia, nikasema ndiyo, ndivyo wanavyokumbuka Swima.

Kisha akaomba muhogo. Mama, ambaye kijiko cha uji kilikuwa kinamshinda. Nikachemsha muhogo haraka, nikaweka sufuria karibu na makaa, mafuta yakaamka, na harufu ikaingia katika kila chumba cha nyumba ile ambayo haikuwahi kuijua. Nilitia chumvi kidogo kwenye sahani. Alichovya akala, akachovya akala, mafuta yakimtiririka mpaka kiwiko, na mimi nilikuwa naogopa hata kupumua nisimkatize. Midomo yake ilikuwa myekundu kama yangu ya utotoni. Sikuifuta.

"Mama yangu hakuonja," akasema. "Alikufa hajaonja."

Nilitaka kumwambia habari ya maharage. Ilikuwa mdomoni kabisa. Lakini nilimtazama, nikaona amebeba vya kutosha, nikaimeza. Niliamua itabaki kwangu, na kwa yule bibi wa kuchambua chikichi.

Alipomaliza alijifuta mkono, akaigusa sufuria kwa kucha. "Hii chombo ni ya nani?"

"Ya kule Swima. Wanataka niirudishe."

"Basi usirudishe mutupu." Akajiinua kwa kiwiko, akaonyesha pembeni, penye gunia la mavuno ya mwaka huu. "Utie maharagi. Leta ungo, niichague mi mwenyewe, bantu ya watu basikule mawe."

Nikaleta ungo, nikamwegemeza kwa mito, nikauweka mapajani pake, nikamimina maharage. Alianza kuchagua punje kwa punje, akitupa mawe sakafuni. Nikatoka nje nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama kwenye migomba, palepale alipokuwa anamwaga. Nikalia mpaka aliponiita kuniuliza kama kifuniko kinafunga vizuri.